Upatanishi baada ya kutengana au talaka: maswali ambayo watu wa Nairobi huuliza

Majibu haya ni ya mtu ambaye ndoa yake imevunjika, au aliyeachana na mzazi mwenzake, na bado kuna mambo yanayowafunga pamoja: watoto, karo, nyumba, ploti ya Ruai, mkopo wa Sacco. Nimekaa kwenye meza hizi jijini kama mpatanishi, na ninachokiamini ni kwamba mapatano hudumu yakiwa na mambo madogo madogo ndani yake: siku, saa, shilingi, na jina la atakayelipa. Karatasi inayosema tu kwamba "wazazi watashirikiana" hurudi kortini.

Je, wapatanishi wanataka turudiane?

Hapana. Swali hili huja kabla ya mengine yote, na huja kwa hofu. Wengi wameshapitia vikao vya ndugu, vya kanisani na vya wasimamizi wa harusi, wakaambiwa wavumilie, wakavumilia, na hali ikabaki ileile. Mpatanishi hakuiti uvumilie tena. Anawasaidia kupanga maisha ya watu walioachana. Mkiamua wenyewe kurudiana hakuna atakayewazuia, wala hakuna atakayewasukuma.

Vikao vya kuokoa ndoa vipo na vina nafasi yake. Sheria ya Ndoa ya 2014 inawaruhusu waliofunga ndoa ya Kikristo kutafuta maridhiano kanisani walikofungia ndoa, na waliooana kimila wanaweza kupitia usuluhishi wa kimila kabla korti haijaamua ombi la talaka. Huo ni mlango mwingine.

Mpatanishi ana tofauti gani na hakimu, wazee au chifu?

Hakimu husikiliza kisha huamua, na mara nyingi mmoja wenu hutoka akiwa ameshindwa. Wazee huja na upande hata wakijitahidi kuficha: huyu ni mjomba wako, yule ndiye aliyepeleka mahari. Chifu anaweza kuwaita na kutuliza ugomvi, na wengi mtaani huanzia kwake kwa sababu yuko karibu, lakini yaliyoandikwa kwenye daftari lake si amri ya korti.

Mpatanishi haamui chochote. Anauliza, anasikiliza, anawarudisha kwenye hoja mkianza kufukua ya mwaka juzi, na anaandika mnachokubaliana. Usiposaini, hakuna mapatano.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 159, inazitaka korti kuhimiza njia hizi zote, za kimila zikiwemo, ila imeweka mpaka: mila isivunje haki za mtu. Kwa hiyo ukoo ukisema mama hana sauti juu ya watoto kwa sababu mahari ililipwa, neno hilo halina nguvu mbele ya sheria.

Mpatanishi anaweza kutupa talaka?

Hawezi. Ndoa huvunjwa na korti. Upatanishi unashughulikia yanayoizunguka talaka: watoto, matunzo, mali, madeni, hata nani abaki na vyeti vya kuzaliwa. Mkija kortini mkiwa mmeshakubaliana hayo, kesi ya talaka yenyewe hubaki nyepesi.

Kesi yetu iko kortini Milimani na tumeambiwa twende kwenye upatanishi. Ni lazima?

Kuhudhuria, ndiyo. Kukubaliana, hapana.

Upatanishi unaosimamiwa na korti ulianza kwa majaribio hapa Nairobi mnamo Aprili 2016, katika vitengo viwili vya Mahakama Kuu pale Milimani, cha familia na cha biashara, kisha ukasambazwa kwenye korti nyingine nchini. Kesi ikiwasilishwa huchujwa kuona kama inafaa. Ikionekana inafaa, mnajulishwa, mnaandika muhtasari mfupi wa mgogoro, na mpatanishi anateuliwa kutoka orodha ya walioidhinishwa na kamati iliyoundwa chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai. Muda uliowekwa ni siku 60. Zinaweza kuongezwa kidogo, lakini si jambo la kuburuzwa mwaka mzima.

Usipuuze barua hiyo. Mtu asiyefika bila sababu, mpatanishi anaweza kumwandikia korti kwamba amekaidi, na korti inaweza kumtoza gharama au kuyaondoa maombi yake. Nimeona watu wakikataa kuja kwa sababu "yule mwingine ndiye mwenye makosa." Hata kama ni kweli, kutokuja kunakuumiza wewe.

Bado hatujaenda kortini. Tunaweza kuanza wenyewe?

Mnaweza, na mara nyingi ni vizuri zaidi, kwa sababu kesi ikishafunguliwa kila mmoja ameshaandika hati kiapo ya kumpaka mwenzake matope, na maneno yale hayafutiki kirahisi.

Kama mgogoro ni wa watoto, anzeni na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo mnakoishi. Afisa wa watoto huwaita wazazi wote wawili na kuwasaidia kuandika makubaliano ya wajibu wa wazazi, jambo linalotambuliwa na Sheria ya Watoto ya 2022. FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake lililoanzishwa mwaka 1985, husaidia wanawake wasio na uwezo na hufanya upatanishi pia. Kituo cha Sheria nacho kimekuwa kikiwahudumia maskini wa jiji hili tangu 1973. Wenye uwezo humtafuta mpatanishi binafsi. Yeyote mtakayemtumia, hakikisheni ana kibali, kwa sababu mapatano yaliyosimamiwa na mpatanishi aliyehitimu, yakiwa kwa maandishi, yanaweza kusajiliwa kortini na kupata nguvu ya sheria.

Inagharimu pesa ngapi?

Kesi ikiwa imetumwa na korti, wahusika hawamlipi mpatanishi. Ofisi ya watoto pia haitozi. Mpatanishi binafsi hulipwa kwa kikao au kwa saa, na kwa kawaida mnagawana. Ulizeni bei kabla, na muandike nani analipa nini. Nauli na siku ya kazi iliyopotea ni gharama pia, hasa kwa mama mboga anayefunga kibanda ili aje, kwa hiyo usione haya kuomba kikao cha mchana au cha Jumamosi.

Kikao chenyewe huwaje?

Chumba, meza, viti, maji ya kunywa. Hakuna kizimba wala joho. Mpatanishi anaeleza kanuni: kila mmoja aongee bila kukatizwa, matusi hapana, simu zizimwe, hakuna kurekodi. Kisha kila mmoja anasema lake. Dakika hizi za kwanza ni ngumu. Kuna mtu amengoja miaka kusema jambo moja akiwa anasikilizwa, na akipewa nafasi hiyo hulia, hunyamaza, kisha huanza kuongea kwa sauti ya kawaida. Usishangae ikiwa ni wewe.

Baadaye mpatanishi anaweza kuzungumza na kila mmoja peke yake. Kwangu mimi, hapo ndipo mafundo mengi hufunguka. Mbele ya mwenzake, baba husisitiza anataka watoto wote waje kuishi naye. Faraghani huniambia anachoogopa ni watoto kumwita mwanamume mwingine baba. Hilo ni jambo jingine kabisa, na lina suluhisho jingine. Mpatanishi hatalipeleka upande wa pili bila ruhusa yako.

Mgogoro wa watoto peke yake unaweza kuisha kwa kikao kimoja au viwili. Wenye mali nyingi na hasira nyingi huhitaji zaidi.

Watoto wakae na nani?

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Katiba, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza, wawe wameoana au hawakuoana. Sawa katika wajibu haimaanishi mtoto agawanywe siku tatu unusu huku na tatu unusu kule. Mtoto anayesoma Umoja hawezi kulala Rongai katikati ya wiki na kuamka saa kumi usiku ili awahi shule. Nairobi ina msongamano, na mpango wa malezi usiohesabu msongamano ni ndoto.

Anzeni na siku ya mtoto jinsi ilivyo. Anaamka saa ngapi? Nani anamtayarisha? Akiugua usiku anapelekwa wapi, na nani anatoa pesa? Kisha andikeni kwa undani. Hiki ni kipande cha mfano:

"Baba atawachukua watoto Ijumaa ya kwanza na ya tatu ya kila mwezi, saa kumi na moja jioni, langoni mwa shule, na kuwarudisha Jumapili saa kumi na moja jioni. Atakayechelewa zaidi ya nusu saa atapiga simu. Likizo ya Aprili watakaa kwa baba wiki ya kwanza. Likizo ya Agosti, wiki mbili za mwisho. Krismasi itapokezanwa, mwaka huu kwa mama, mwakani kwa baba. Kila Jumatano saa moja jioni watoto watazungumza kwa simu na mzazi wasiye naye, na simu haitazimwa."

Watu huona kama ni kuchimba mno. Subiri hadi Ijumaa ya tano ya mwezi ifike na hakuna aliyeandika ni ya nani.

Mambo mengine yanayosahaulika: nani anaweka vyeti vya kuzaliwa na pasipoti, nani anahudhuria mkutano wa wazazi, nani anasuka nywele za msichana na kwa pesa ya nani, nyanya na babu wa pande zote watawaona watoto lini, watoto wakienda ushago, wanasafiri na nani. Na mtoto asitumwe. Usimpe mtoto wa miaka tisa kazi ya kumwambia babake kwamba karo haijalipwa. Kama anapaswa kusikilizwa, na mtoto mkubwa anapaswa, asikilizwe na afisa wa watoto au mtu aliyefunzwa. Asiulizwe mbele yenu amchague nani.

Anasema hana pesa za matunzo. Mpatanishi atajuaje?

Mpatanishi hana uwezo wa kupekua akaunti ya mtu. Ndiyo maana ninawaomba wote wawili waje na karatasi: stakabadhi ya mshahara, taarifa ya benki, taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Taarifa ya M-Pesa husema mengi. Huonyesha pesa zilizoingia, na huonyesha pia Fuliza, yaani mkopo wa M-Pesa, iliyorundikana, ambapo unagundua kwamba mtu kweli amezama. Mlezi wa watoto naye aje na bajeti yenye risiti: kodi, chakula, karo, sare, nauli, dawa, msaidizi wa nyumbani.

Mahitaji yakijulikana, nayasikiliza maisha ya anayelipa. Wa mshahara anaweza kuahidi kwa mwezi. Wa mjengo, yaani kibarua wa ujenzi, au wa bodaboda asiahidi kwa mwezi, kwa sababu pesa yake huja kwa siku na huisha kwa siku. Shilingi 2,000 kila Jumamosi zitafika, ilhali 8,000 za mwisho wa mwezi zitageuka kesi. Karo iende moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, mchango wa bima ya afya ulipwe SHA, mamlaka ya afya ya jamii, na matumizi ya kila wiki yatumwe kwa simu ili pawe na rekodi. Hapo yule anayelalamika kwamba "anakula pesa za watoto" hana tena la kusema, na yule anayedaiwa kuwa halipi ana ushahidi.

Kumnyima mtu watoto kwa sababu hajalipa, au kuacha kulipa kwa sababu amenyimwa watoto, ni makosa yote mawili. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mtoto anayahitaji yote.

Nyumba na mali zitagawanywa nusu kwa nusu?

Si lazima. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa kulingana na mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Juu ilisisitiza Januari 2023 kwamba usawa ulio katika Katiba haumpi mtu nusu moja kwa moja, mchango unathibitishwa. Lakini mchango si pesa tu. Sheria inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia na kulima shamba. Mke aliyekaa nyumbani miaka kumi akilea watoto hajaja mezani mikono mitupu, na asikubali kuambiwa hivyo.

Mezani mnaweza kufanya mambo ambayo hukumu hufanya kwa shida. Mnaweza kukubaliana nyumba isiuzwe hadi kitinda mimba amalize shule, au ploti iandikwe kwa majina ya watoto. Orodhesheni madeni pia. Wengi hugawana gari na kusahau kwamba mmoja amemdhamini mwenzake kwenye Sacco. Miezi michache baadaye akiba yake inakatwa kulipia mkopo wa mtu waliyeachana. Andikeni nani atalipa, na mdhamini mwingine apatikane kufikia tarehe gani.

Kwenye mali, pata ushauri wa wakili kabla ya kusaini. Kosa la ardhi ni gumu kurekebisha.

Tuliishi tu pamoja, hatukuoana rasmi. Inatuhusu?

Kwa watoto, inawahusu kabisa. Haki zao hazitegemei cheti. Kwa mali, njia ni nyembamba zaidi. Mahakama ya Juu ilisema mwaka huohuo wa 2023 kwamba kuchukulia watu kuwa wameoana kwa sababu wameishi pamoja kufanyike kwa nadra. Hata hivyo mtu aliyechangia kununua mali anaweza kudai sehemu yake kwa msingi wa mchango huo. Mkiweza kukubaliana mezani, mmejiondolea safari ndefu ya ushahidi.

Sisi ni Waislamu.

Sulhu si jambo geni kwenu. Qurani, katika Surat An-Nisaa aya ya 35, inaelekeza ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kutoka kwa jamaa za mke. Masuala ya ndoa, talaka na mirathi huenda kwa Kadhi pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka ya korti hiyo. Mkishasuluhishwa msikitini au nyumbani, yaandikeni na myapeleke yarekodiwe, hasa matunzo ya watoto. Maneno matupu ya kikao husahaulika eda ikiisha.

Alikuwa akinipiga. Niende nikae naye chumba kimoja?

Huna haja, na nasema hivi kwa uzito wote nilio nao. Upatanishi unahitaji watu wawili wanaoweza kusema hapana. Mtu anayemwogopa mwenzake atasaini chochote ili arudi nyumbani salama, na karatasi hiyo si mapatano.

Mwambie msajili wa korti, mpatanishi au wakili wako mapema, peke yako, hata kama hujawahi kuripoti. Unaweza kuomba kesi isipelekwe kwenye upatanishi. Ikiwa mwenyewe unataka kuendelea, omba vyumba tofauti, saa tofauti za kufika na kuondoka, au kikao cha mtandaoni. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaruhusu korti kutoa amri ya kumzuia mtu asikukaribie, na kila mwenye kudhulumiwa, mwanamke au mwanamume, anaweza kuiomba. Nambari ya 1195 hupokea simu za ukatili wa kijinsia bila malipo. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116.

Kupigwa na kunajisiwa ni makosa ya jinai. Hayamalizwi kwa mbuzi wala kwa upatanishi wa familia, hata wazee wakisisitiza.

Nije na wakili? Na mama yangu?

Wakili anaruhusiwa, ila wewe mwenyewe lazima uwepo, na wewe ndiye wa kuongea. Wakili mzuri hapa hunyamaza zaidi kuliko anavyofanya kortini. Ndugu aingie pande zote mbili zikikubali. Uzoefu wangu ni kwamba mama mzazi akingoja nje, mambo huenda haraka zaidi. Ana uchungu wake kama mzazi, na uchungu huo ni halali, lakini si yeye atakayetekeleza mapatano.

Nitakayosema yatatumiwa dhidi yangu?

Yanayosemwa kikaoni ni siri na hayapelekwi kuwa ushahidi kesi ikirudi kwa hakimu. Mpatanishi hamwambii hakimu nani alikuwa mkaidi juu ya nyumba. Anapeleka mapatano, au taarifa kwamba hamkupatana. Mwanzoni muulize mipaka ya siri hiyo, hasa kuhusu mtoto aliye hatarini.

Tukikubaliana kisha akavunja?

Mapatano yaliyosajiliwa kortini yana nguvu sawa na hukumu, na hayakatiwi rufaa. Asipolipa, unarudi kortini kuomba yatekelezwe; huhitaji kuanza kesi upya. Anaweza kuitwa ajieleze, na korti inaweza kugusa mali au mshahara wake. Kama mliandikiana tu nyumbani, karatasi hiyo ni dhaifu zaidi. Isajilini.

Ikigundulika mmoja alidanganya au alimtisha mwenzake ili asaini, korti inaweza kuyatengua. Soma kila ukurasa kabla. Kama Kiingereza cha hati kinakusumbua, omba usomewe kwa Kiswahili au kwa lugha yenu. Nimewahi kusimamisha kusaini kwa sababu hiyo, na ningesimamisha tena.

Na tukishindwa kabisa?

Kesi inaendelea kwa hakimu au jaji pale ilipoachwa. Mnaweza pia kukubaliana nusu: watoto yaishe, mali iende kortini. Hilo hutokea mara nyingi, na si haba.

Mama yao anafanya kazi Saudia, watoto wako kwa nyanya. Tunaweza kufanya kwa simu?

Ndiyo, vikao vya video hufanyika. Hakikisheni aliye mbali yuko peke yake na ana muda, kwa sababu mfanyakazi wa ndani mara nyingi hupata nafasi usiku tu. Katika hali hii nyanya awepo kwa sehemu inayomhusu, maana ndiye anayeamka na watoto. Andikeni pesa zinatumwa kwa nani, nyanya anaruhusiwa kuamua nini peke yake, shule na hospitali zikiwemo, baba anawaona watoto lini, na mkataba wa kazi ukiisha mtakutana tarehe gani kupanga upya. Mapatano ya malezi na matunzo yanaweza kubadilishwa maisha yakibadilika: kazi ikipotea, mtoto akijiunga na shule ya bweni, mzazi akirudi nyumbani. Mnaweza kurudi kwa mpatanishi yuleyule, na mkikubaliana mabadiliko hayo yapelekwe kortini kama yale ya kwanza.